Jiwe la Ndoo ya Buluu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nasrin alikuwa na kazi tatu: kumwamsha mdogo wake Najim, ambaye kwa miaka yake mitano alijua kununa kuliko wazee wote wa mtaa wao wa Dunda, kumpelekea Bibi maji ya moto, na kufuta kioo cha tangi la Mjomba Twalib. Kazi ya kwanza aliichukia, ya pili aliizoea, ya tatu aliipenda sana.

Tangi lile lilikuwa sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo, mawe, na matumbawe laini yaliyopeperuka taratibu kila pampu iliposukuma maji. Mjomba Twalib aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam, akitunza matangi ya namna hiyo hotelini. Aliporudi Bagamoyo alitengeneza la kwake. Vipande vya matumbawe alipewa na watu wa mradi wa kuyaotesha, na barua ya kibali aliibandika ukutani, asije mtu akamsingizia kuwa anabomoa miamba.

Nasrin alikuwa darasa la sita, na akili alikuwa nazo, hilo hatulikatai. Kasoro yake ni moja. Akishajua nusu ya jambo, nusu iliyobaki alijijazia mwenyewe.

Ijumaa moja Mwalimu Bwanausi alitangaza darasani kwamba Jumatatu wanafunzi wote watakwenda kuliona tangi la Mjomba Twalib. Nasrin alitembea kwa maringo siku nzima. Aliwaambia wenzake kuwa yeye ndiye msaidizi wa mtaalamu, na kwamba hakuna kazi ya tangi asiyoijua.

Jioni ile ile Mjomba alipata habari ya msiba wa rafiki yake huko Msata. Alifunga mkoba wake haraka huku bodaboda ikimsubiri nje.

"Nitarudi Jumapili," alimwambia Nasrin. "Samaki uwalishe mara moja tu. Pampu uitazame isizimike. Na lile jiwe kwenye ndoo ya buluu usiliguse."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Nimesema usiliguse."

Bodaboda ikapiga honi, naye akaondoka.

Jumamosi kulikucha na mvua. Mama yake Nasrin, Bi Adila, alishakwenda zake soko la samaki, ambako alikuwa akikaanga samaki na kuuza. Nasrin alipofika sebuleni na kitambaa chake, alisimama ghafla. Tumbawe la manjano, lile zuri kuliko yote, lenye umbo la uyoga, lilikuwa limebanduka kwenye jiwe lake. Lilikuwa linabingirika chini ya tangi, likisukumwa na maji ya pampu huku na huku.

Angeweza kumpigia Mjomba simu. Hakumpigia. Alijiona tayari Jumatatu, amesimama mbele ya darasa, akisema, "Hili lilibanduka, nikalirudisha mwenyewe."

Alianza na supagluu, kwa kuwa alishamwona Mjomba akibandikia vijiwe gundi hiyo. Alilitoa tumbawe majini, akalikausha kwa kanga, akalipaka gundi na kulibana kwenye jiwe. Tumbawe likatoa ute mzito kama wa bamia, na gundi ikatoka pamoja na ute. Akajaribu tena, likatoka tena. Akachukua uzi wa cherehani wa mama yake, akalifunga kwa nguvu kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Uzi ukazama kwenye nyama na tumbawe likasinyaa. Nasrin akaukata upesi kwa mkasi, akalirudisha tumbawe majini.

"Ubaya ni wa jiwe," alijiambia. "Limekuwa laini mno."

Ndipo macho yake yalipoiangukia ndoo ya buluu kando ya tangi. Jiwe lililokuwa ndani yake lilikuwa na vishimo vizuri vya kushikia. Lakini juu yake walikuwa wameota vinyama wadogo wa kijani na wa rangi ya chungwa, ukubwa wao kama vifungo vya shati, wamebanana jiwe zima. Ilibidi waondoke kwanza.

Namna ya kuwaondoa aliijua, au alidhani anaijua. Bibi yake, Bi Kibibi, enzi za usichana wake alikuwa akisafisha makome ya baharini ya kuwauzia wageni. Nasrin alishahadithiwa mara nyingi: kome lenye nyama hulihangaikii kwa kisu, unalichemsha. Maji yakitokota, nyama inatoka yenyewe na kome linabaki safi. Kila mtu pale mtaani alijua hivyo. Kome au jiwe, Nasrin aliwaza, tofauti iko wapi?

Akalifunika jiwe kwa kitambaa, akalibeba hadi uani, akalitia kwenye sufuria ya maji na kuingia nayo jikoni.

Jiko la nyumba ile lilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja la ukubwa wa daftari. Kwa sababu ya mvua, Bibi alikuwa ameurudisha mlango. Alikuwa akichoma vitumbua, na Najim amekaa mkekani karibu naye, anasubiri cha kwanza.

"Unabandika nini?" Bibi aliuliza.

"Maji, Bibi."

"Maji ya nini?"

"Ya kuoshea vyombo vya Mjomba."

"Haya. Weka kwenye jiko hilo la pili, lina moto mzuri."

Nasrin akabandika sufuria, akaenda dukani kununua uzi mwingine. Mvua ikamkamata njiani, akajibanza kwenye baraza la duka kwa karibu nusu saa. Aliporudi, jiko lilikuwa limejaa mvuke na shombo la bahari. Bibi alikuwa amewasha udi kwenye chetezo chake ili kuifukuza harufu ile.

"Vyombo gani hivyo vya mjomba wako vinavyonuka hivi?" Bibi alilalamika, akikohoa.

Nasrin aliipua sufuria upesi, akaifunika, akaisukuma pembeni nyuma ya jiko. Alipotoka nje alihisi ulimi wake mchungu, kana kwamba amelamba sarafu. Akasukutua maji na kutema.

Kabla ya adhuhuri Najim alianza kukohoa. Alikataa kitumbua, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Kisha akaanza kutetemeka, macho mekundu, mwili wa moto. Saa nane tumbo lake lilikuwa likipanda na kushuka kwa nguvu kila alipovuta pumzi. Bibi akamwagiza Nasrin ampigie mama yake. Bi Adila alifika na bajaji, aproni yake bado ina mafuta, wakaenda wote hospitali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Shuaibu, kijana mwembamba asiyepaza sauti. Alimsikiliza Najim kifua, akampima malaria. Hakukuwa na malaria.

"Nyumbani leo mmepuliza dawa ya mbu?" aliuliza. "Mmechoma taka? Plastiki? Chochote chenye moshi au mvuke?"

"Mimi nilikuwa sokoni," alisema Mama. "Labda Mama anajua," akaongeza, akimwonyesha Bibi.

Bibi alifikiri. "Nilichoma udi, baba. Kidogo tu."

"Kuna mwingine anayejisikia vibaya?"

"Mimi nina uchungu mdomoni, kama nimetafuna shubiri. Lakini mimi mtu mzima, nitazame mtoto kwanza."

Daktari akamgeukia Nasrin. "Na wewe binti? Mdomo mchungu? Kuna kitu ulikiona?"

Nasrin alimtazama Najim aliyekuwa amevalishwa puani na mdomoni kifuniko cha plastiki cha dawa ya kuvuta, macho yake makubwa juu ya plastiki. Alitaka kusema. Akaona sura ya Mjomba, akaona darasa zima likimcheka.

"Hapana," alisema. Na alipokuwa akilitamka neno hilo, ulimi wake ulikuwa bado mchungu.

Daktari Shuaibu aliitikia kwa kichwa. Alisema moshi wa udi unaweza kukibana kifua cha mtoto. Dawa ile ikimfungua, jioni watarudi nyumbani, na nyumbani pasifukizwe kitu tena.

Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri. Bibi alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nimemuumiza mtoto kwa mkono wangu mwenyewe," alisema.

"Mama, moshi nimekuambia mara ngapi?" Bi Adila alijibu kwa ukali wa mtu mwenye hofu.

Bibi aliiomba simu, akampigia Mwanvita, jirani aliyekuwa amebaki kuangalia nyumba. Simu ya Bi Adila ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo benchi zima lilisikia.

"Mwanvita, mwanangu, ingia jikoni. Kile chetezo changu kichukue ukakitupe."

"Chetezo cha marehemu mama yako, Bi Kibibi? Kile cha Pangani?"

"Hicho hicho. Sitaki kukikuta."

Wakasikia hatua zake zikitoka nje, halafu kishindo cha udongo unaopasuka jalalani. Bibi alifumba macho. Nasrin alikuwa amekaa karibu naye kiasi kwamba mabega yao yaligusana, na alinyamaza.

"Nimeshakitupa," Mwanvita alisema, amesharudi jikoni. Nyuma ya sauti yake alisikika mwanawe mchanga, Lulu, akigugumia mgongoni. "Sasa nimpikie Najim uji, akirudi aukute. Makaa bado yapo. Na naona kuna sufuria ya maji hapa nyuma ya jiko, nitaibandika hii hii."

Nasrin alisimama. Aliipokonya simu mkononi mwa Bibi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Usiibandike! Dada Mwanvita, usiifunue! Toka humo jikoni! Mtoe Lulu!"

"Nasrin? Kuna nini?"

"Toka kwanza! Toka!"

Walisikia ndara zikikimbia, kisha mlango. Mwanvita akasema, akihema, kwamba yuko nje.

Nasrin akaishusha simu. Watu wote wa benchi walikuwa wanamtazama, na yeye akaanza kulia, akalieleza jambo lote akiwa amesimama: tumbawe, gundi, uzi, jiwe la ndoo ya buluu, kuchemsha kama makome. Alisema pia kwamba mdomo wake ulikuwa mchungu tangu asubuhi.

Bi Adila aliinua mkono kumpiga. Daktari Shuaibu, aliyetoka aliposikia kelele, akausimamisha mkono ule hewani.

"Subiri, mama. Mwache aseme. Sasa hivi huyu ndiye ninayemhitaji kuliko mtu mwingine."

Daktari alimpigia Mjomba Twalib huko Msata. Mjomba aliuliza jambo moja tu. "Jiwe lipi? La ndoo ya buluu?" Alipojibiwa ndiyo, alisema, "Daktari, wale vinyama wana sumu kali. Ukiwachemsha, sumu inapanda na mvuke. Haifai kuvutwa hata kidogo."

Daktari aliwapigia wakubwa wake Dar es Salaam. Alirudi kwa Bi Adila na kumweleza waziwazi, bila kupamba maneno. Sumu ile haikuwa na dawa ya kuiondoa. Walichoweza kufanya ni kumpa Najim oksijeni na kuuangalia moyo wake, mpaka mwili wenyewe uishinde. Na Bibi naye alazwe, apende asipende.

"Nilikuwa nimeshika kalamu niwaandikie mrudi nyumbani," alisema. "Mngerudi kwenye jiko lile lile."

Kabla ya magharibi gari la wagonjwa liliondoka na Najim, Bibi na Mama kwenda Dar. Nasrin aliangaliwa mpaka daktari akaridhika, kisha akachukuliwa na Mwanvita. Mama hakumuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Siku ya tatu habari ilikuja kwamba Najim amezidiwa, anapumua kwa msaada wa mashine. Mwanvita alipompa Nasrin simu aongee na mama yake, Mama alisema, "Siwezi kuongea naye sasa," na simu ikakatika. Nasrin alikwenda kukaa kwenye kibaraza cha nyumba yao iliyofungwa. Hakuthubutu kuomba dua kwa sauti. Aliona haya hata kuomba.

Mjomba Twalib alimkuta hapo. Alikuwa amevaa glavu ndefu, miwani ya kinga na barakoa, ametoka kumwaga maji ya klorini jikoni, ukutani, sakafuni, kila mahali. Sufuria na jiwe lake alikuwa ameviloweka kwenye klorini hiyo hiyo, kisha akavifukia mbali. Alivua miwani, akakaa mbali kidogo na Nasrin.

"Utanipiga, Mjomba?"

"Nikupige iweje?" alisema kwa uchovu. "Nilikuambia usiliguse, sikukuambia kwa nini. Bodaboda inanipigia honi, nami nikaona maneno ni mengi. Sentensi moja tu ingetosha. Hilo ni langu, nami nitalibeba."

"Na langu?"

"Lako litabebwa na wewe."

Siku ya tano Najim alianza kupumua mwenyewe. Siku ya tisa alirudi, amekonda, miguu kama vijiti, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa kuuliza kama kuna vitumbua. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamvuta Nasrin akamkumbatia.

Bibi alikaa Dar wiki mbili. Alirudi, lakini pumzi zake hazikurudi zote. Bibi ambaye sauti yake iliwahi kuwaita wajukuu kutoka upande wa pili wa mtaa, sasa alitoka kitandani hadi mlangoni kwa kupumzika mara mbili. Madaktari walisema huenda hali hiyo itapungua. Hawakuahidi.

Siku ya pili ya kurudi kwake, Nasrin alimpelekea maji ya moto kama zamani. Aliyaweka chini, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, Bibi."

"Marahaba." Bibi alivuta pumzi. "Kuhusu jiwe, nilishakusamehe nikiwa kwenye gari. Ulichemsha kwa kutojua. Hata mimi ungeniuliza ningekuambia chemsha." Akapumzika tena. "Lakini daktari alipokuuliza, ulikuwa unajua. Mtoto ameshindwa kupumua, na daktari hana cha kushika ila maneno yetu. Ukampa maneno ya uongo. Na mimi nikakaa pale naamini nimemuua mjukuu wangu. Chetezo cha mama yangu kikavunjwa, bega lako liko kwangu, na ukanyamaza."

Machozi yalimdondokea Nasrin mapajani.

"Usilie tu," Bibi alisema. "Kosa lisemwe likiwa bado dogo. Hilo la jiwe ungelisema saa nne asubuhi, tungefungua mlango na kutoka nje. Ulipolisema jioni, tulikuwa tumeshachelewa kwa saa ngapi? Mwalimu wako akileta watoto, utawaambia wewe. Si mjomba wako. Wewe."

Wiki hiyo Mjomba alimwonyesha namna ya kulishikiza tumbawe. Walivaa glavu na miwani wote wawili. Walichagua jiwe safi lenye mikwaruzo, wakaliweka tumbawe juu yake, wakalifunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa uzi uliolegea. "Ute wake haukubali gundi," Mjomba alieleza, "na nyama yake haikubali kukazwa. Tunalizuia lisiondoke tu. Kushika litashika lenyewe, baada ya wiki mbili tatu." Safari hii alieleza kila kitu, hata kile ambacho Nasrin hakuuliza.

Darasa lilikuja baada ya mwezi mmoja. Wanafunzi walijazana sebuleni, wakisukumana kuwaona samaki. Mjomba alikata uzi, akakiondoa kipande cha chandarua, na tumbawe la manjano likabaki palepale juu ya jiwe lake, likipeperuka. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu Bwanausi akauliza nani atawaeleza.

Nasrin alipita mbele. Mlangoni alimwona Bibi, amesimama kwa kuegemea fremu, anatafuta pumzi baada ya hatua zake chache.

"Niliwaambia hakuna kazi ya tangi nisiyoijua," Nasrin alianza. "Nilidanganya. Nitawaambia nilichokifanya, halafu nitawaambia nilimdanganya nani."

Akawaeleza yote, tangu mwanzo, na chetezo hakukiruka.